Moto Umefika Munigi

Safari yangu ya kurudi Goma ilianzia kwenye kituo cha basi chenye theluji, katika mji mdogo wa bandari huko Denmaki, ikaishia juu ya pikipiki katika mtaa wa Majengo, sanduku likiwa limebanwa kati yangu na dereva na vumbi jeusi likinijaa masikioni. Katikati kulikuwa na treni, ndege, ndege nyingine iliyochelewa, na usingizi wa kukaa kitini katika uwanja ambao mji wake sikuuona. Kisha Kigali, na basi la kupanda na kushuka vilima hadi Gisenyi. Mpakani nilipanga mstari kwa miguu pamoja na akina mama wenye mayai na nyanya, ambao huvuka na kurudi kila siku kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni. Mmoja alilitazama koti langu zito, akaniambia, "Papa, huko ulitoka balikuwa banakuweka ndani ya frigo?"

Nilicheka. Hakuwa mbali sana na kweli.

Nimehama mara nyingi. Nilizaliwa kwenye vilima vya Masisi, katika familia ya wafugaji, nikasomea sekondari Goma, nikaondoka kabla ndevu hazijakomaa. Nimeishi Kampala, nimeishi kwenye kambi, nimeishi Ulaya ya kaskazini. Kila nilipokaa nilikumbuka nilikotoka, na nilipofika nilikotoka nilikumbuka nilipokaa. Sijutii. Kuna watu ni miti na kuna watu ni maji.

Safari hii niliitwa. Dada yangu mkubwa alinipigia simu. Mimi humwita yaya, maana kwetu yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, si mwanamke wa kulea watoto kama wasemavyo Wakenya. Yeye huniita petit, mdogo, ingawa mvi zimeshaniingia. Ni mjane, na mali yake ilikuwa moja tu: kinu cha kusagia mihogo, mahindi na mtama, ambacho yeye na mtaa mzima walikiita mashini, chenye injini ya mazutu, yaani dizeli.

"Petit, kuja," alisema. "Mazutu imepanda tena. Barabara ikifungwa, inapanda. Barabara ikifunguka, haishuki. Mashini iko nakufa."

"Mimi nitafanya nini, yaya?"

"Courant iko nakuja huku kwetu. Ile ya maji ya milima. Wewe unajua mambo ya courant." Alimaanisha umeme wa mto.

"Mimi nilikuwa nafua mashuka, yaya. Siko fundi."

"Ulikaa Ulaya miaka yote ile, ndani ya courant, na haukujifunza kitu?"

Swali lile lilinisumbua hadi nikakata tiketi. Kwa sababu kitu nilikuwa nimejifunza, ila si kile alichodhani.

Nilikuwa nikifanya kazi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli na hospitali. Kutoka dirishani tuliona mitambo ya upepo imesimama baharini, mirefu na myeupe, ikizungusha mikono yake. Miaka ya mwanzo hakuna aliyeitazama. Kisha ukaja msimu wa baridi ambao bei ya umeme ilipaa. Watu walisema ni kwa sababu ya gesi: nchi nyingi zilikuwa zimezoea kuichota kwa jirani mmoja, na jirani alipobana bomba, kila nyumba ilisikia baridi. Kuanzia hapo bei ikawa inabadilika kila saa, na sote tukawa watu wa kutazama mitambo ile. Ikizunguka kwa nguvu, umeme ni rahisi. Ikisimama, zima kila kitu. Msimamizi wetu alitembea na simu mkononi kama mtu anayengoja mtoto azaliwe, halafu anapiga kelele, "Kesho asubuhi upepo!" Basi mashuka yote machafu yalingoja kesho asubuhi.

Nilikopanga nilikuwa na jirani, mwalimu mstaafu, aliyekaa ndani na koti na kofia ili asiwashe chombo cha kupasha nyumba joto. Siku ya upepo mkali alioka mikate kwa pupa, kisha ananigongea mlango na kunipa mmoja ukiwa bado moto. Hatukuwa na lugha ya kutosha baina yetu. Aliuonyesha mkate, akaonyesha dirisha, akapuliza kwa mdomo. Nikaelewa.

Hicho ndicho nilichokuwa nacho kichwani niliposhuka Majengo. Nilimkuta yaya amekaa juu ya sanduku la mbao, mikono imekunjwa. Ndani ya sanduku kulikuwa na mota mpya ya umeme. Mahali pa injini ya zamani palibaki sakafu yenye mafuta na mashimo ya bolti.

"Injini iko wapi?"

"Nimeuzisha. Ningenunua mota na nini?"

"Na courant?"

"Iko njiani."

Nguzo zilikuwa zimesimama tayari, waya zimevutwa, lakini ndani ya waya hapakuwa na kitu. Yaya alikuwa ameuza kilichokuwepo ili apokee kinachokuja. Kilichomuuma zaidi kuliko yote ni huyu aliyeinunua injini: mzee mmoja wa barabara ya pili, mwenye kinu pia. Kila jioni, tulipokuwa tunakula, injini ile ilianza kukohoa upande wa pili wa ukuta wa mawe ya lava, na yaya aliacha tonge hewani.

"Unasikia? Iko nanicheka. Ile kikohozi ninaijua. Inataka wapanguse filtre."

Na wateja wake waliifuata sauti hiyo na mabeseni yao kichwani.

Hapa nieleze desturi ya vinu vyetu. Mwanamke akileta mihogo yake mikavu, hakai kwenye foleni. Beseni ndilo linalokaa. Analiweka nyuma ya beseni lililotangulia, anakwenda kusalimia, kununua chumvi, kunyonyesha, na hakuna anayethubutu kulisogeza. Lakini zamu ikikaribia lazima arudi, asimame karibu na mdomo wa kinu, macho yamekazwa. Foleni unaweza kuliachia beseni. Unga humwachii mtu. Kila mwanamke wa Goma anajua kwa yakini kwamba wenye vinu ni wezi, na kwamba kila kinu kina tumbo la siri linalobakiza kikombe kimoja cha kila mtu.

Siku chache baadaye alikuja fundi wa laini, kijana mpole mwenye mkanda wa vyuma kiunoni. Alifunga mota, akaunganisha waya, akampa yaya habari ambayo hakuitaka.

"Mama, asubuhi na muchana courant itakuwa na nguvu. Lakini mangaribi batu bote banapika, banapiga pasi, banawasha televizyo. Ukiwasha mashini saa ile, itaguna tu kama ng'ombe ya kuzaa."

"Batu yangu banakuja mangaribi," yaya alisema. "Asubuhi beko sokoni. Banatoka soko, ndio banasaga, ndio banapika."

"Ile si problème ya courant, mama."

Ilikuwa problème ya yaya. Alikaa tena juu ya sanduku, sasa tupu, na kwa mara ya kwanza nikamwona kama mtu mzima aliyechoka. Injini haikuwa yake tena. Mota ilikuwa ya asubuhi, na wateja walikuwa wa jioni. Nilimwambia habari za mashuka yaliyongoja upepo. Nikamwambia, waambie watu waache mabeseni asubuhi wakienda sokoni, sisi tusage mchana, wachukue unga jioni wakirudi. Aliniangalia kwa huruma.

"Petit. Waachie unga yao kwangu, bao wenyewe habeko hapa? Uliondoka Goma lini?"

Basi tukangoja. Na siku yenyewe ilikuja hivi.

Fundi alikuwa amesema watajaribu laini kuanzia kaskazini: kwanza Munigi, kisha kuteremka kwetu. Yaya aliwaita wateja wake kwa kila mdomo aliokutana nao, na asubuhi ile wakaja wengi, hata wasiokuwa wake, kuona kama mashini mpya inaweza kweli. Mabeseni yalijaza uani, yakatoka mlangoni, yakafuata ukuta hadi barabarani. Waliokuwa uani walijua tunangoja nini. Waliokuwa barabarani walijua tu kuna mstari.

Ni lazima pia niseme jambo la lugha. Sisi wa vilima, lugha ya mama yetu ni Kinyarwanda, na humo neno la moto wa jikoni ndilo neno la umeme. Mtaa mzima husema courant. Yaya akiongea haraka husema moto. Moto umekatika, moto umerudi. Na pikipiki Goma nayo ni moto. Kwa hiyo katika mdomo wa dada yangu kuna moto wa aina tatu, na yeye hajawahi kuona shida.

Isipokuwa Goma ina wa nne. Uko juu ya mji, ndani ya mlima wa volkano, na juma lile anga juu yake lilikuwa jekundu kila jioni. Huo nao ukishuka, hupitia Munigi.

Simu ikalia. Yaya akaziba sikio moja kwa kidole, akapaza sauti kama wafanyavyo watu wanaodhani umbali unashindwa kwa kelele.

"Allo! Nini? Moto imefika Munigi?"

Uani vichwa viligeuka.

"Imefika Munigi! Na iko nakuja huku? Saa hii hii?"

Waliokuwa barabarani hawakungoja jibu. Nilisikia sauti moja, "Moto iko Munigi!", kisha viatu. Waliokuwa uani walijua vizuri kabisa kwamba tunangoja courant, lakini wakaona wenzao wanakimbia, na katika mji wetu mtu hakimbii huku akiuliza. Mama mmoja aliruka juu ya mabeseni matatu na mtoto mgongoni, akatua kama swala. Nilipiga kelele, "Ni courant! Ni courant tu!" Nilikuwa nimebaki kuziambia kuta.

Yaya alimaliza mazungumzo yake kwa utulivu, akashukuru, akaweka simu ndani ya kitenge, akageuka.

"Batu beko wapi?"

"Umewafukuza, yaya. Umewaambia lava inakuja."

"Mimi? Mimi nimesema moto!"

Wakati huohuo balbu juu ya mlango ikawaka. Njano kwanza, kisha nyeupe. Tukaitazama wote wawili, tukayatazama mabeseni, mstari mrefu ulionyooka, hakuna hata moja lililopinduka. Nikasema tuwangoje warudi.

"Tungoje nini?" yaya alisema. "Courant iko hapa sasa. Basini iko kwa mstari. Basini ikiwa kwa mstari, mwenyewe iko kwa mstari."

Akainua la kwanza.

Sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama siku ile. Mota haikukohoa wala kutoa moshi. Iliimba sauti moja, na kwa mara ya kwanza katika kinu kile tuliweza kusikiana. Nilichofundishwa kwenye mashuka kilinijia chenyewe: nyeupe kwanza, rangi mwisho. Tukapitisha mihogo yote, kisha mahindi, kisha mtama mwekundu, ili wekundu usiingie kwenye unga wa mtu. Yaya alikataa tuvunje mstari, kwa hiyo kila beseni nililolitoa nililirudisha palepale nilipolitoa. Kila beseni lilipomalizika alipiga kinu kwa kiganja, akakung'uta mfuko, akasubiri vumbi la mwisho lianguke ndani ya beseni lenye haki nalo.

Walianza kurudi mchana, mmoja mmoja, wakiona aibu, wakilaumiana.

"Ni wewe ulilia ya kwanza!"

"Mimi nilikuona wewe umeacha hata kiatu!"

"Mama wa mashini, siku ingine sema courant! Utatuua na Kinyarwanda yako!"

Kisha walipoona unga, kicheko kikakatika. Kila mmoja alikwenda kwenye beseni lake. Waliinama. Waliingiza mikono hadi kwenye kifundo. Mbele ya wote alikuwa mama muuza uji, mwembamba, mwenye ulimi ambao mtaa mzima uliuogopa. Aliinua beseni lake, akalipima mikononi, akaliweka chini, akaliinua tena.

"Na ile inabakiaka ndani ya tumbo ya mashini?"

"Fungua uangalie," yaya alisema.

Akafungua. Akaingiza kichwa karibu chote. Akakitoa kikiwa cheupe hadi kwenye nyusi.

"Haiko kitu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa hoja yake. Akalipa, akaondoka. Nilimwona yaya amebana pumzi hadi yule mama akakata kona.

Kesho yake asubuhi, kabla sijanawa uso, alikuwa mlangoni na beseni la mtama.

"Ninaenda soko," alisema. "Nitarudia mangaribi." Aliliweka chini, akapiga hatua, akarudi, akasawazisha mtama kwa kiganja na kuchora alama kwa kidole juu yake. "Ninajua imefika wapi!"

"Nenda, mama. Na mimi ninajua."

Aliyeaminiwa na mama yule alikuwa ameaminiwa na Majengo. Juma lile mabeseni yalikuja kimyakimya asubuhi, kila moja na fundo lake la kitenge au ufa wake wa kujulikana, na wenyewe wakapita zao. Jioni walikuta unga. Hawakupanga mstari, hawakula moshi wa mazutu, na bei ya yaya ilikuwa chini ya ile ya barabara ya pili, kwa kuwa mto haupiti mpakani wala haulipi vizuizi vya barabara. Nilipowasimulia kwamba kuna nchi ambako watu hungoja upepo ili wafue nguo, walicheka hadi wakashikana.

"Bazungu banangoja upepo?"

"Na sisi tunangoja nini?" yaya aliwajibu. "Tunangoja mvua ya milima ijaze muto. Kila mutu na chake anangojea."

Sikusema kwamba maji ya milima yatatuokoa na kila kitu. Msimu wa mvua ulipokolea, nguzo zilianguka upande wa Kibumba, na waya zikalala bila kitu kwa siku nyingi. Mabeseni yakarundikana. Nilimkumbuka jirani yule aliyebana bomba, nikamwambia yaya kwamba ubaya wa Ulaya haukuwa gesi, ulikuwa kutegemea mlango mmoja. Alifikiri kidogo, akajifunga kitenge, akaenda barabara ya pili. Nilimfuata.

"Muzee," alimwambia mwenye kinu, "nimekuletea kazi. Na filtre yako ni muchafu."

"Filtre yako, mama. Ni wewe uliniuzishaka nayo."

Wakabishana mbele ya injini, wakaelewana mbele yake pia. Courant ikiwa imelala, mabeseni ya yaya yatasagwa kwa mzee, na alama zao zitaheshimiwa. Mazutu ikikosekana, ya mzee yatakuja kwa yaya asubuhi. Yaya mwenyewe ndiye aliyeipangusa filtre ile, kwa pindo la kitenge, akinung'unika. Kutoka siku hiyo injini ilipokohoa jioni hakuacha tonge tena.

Waya zilipopona, kazi iliongezeka kuliko kabla. Wanawake walileta mabeseni kutoka mitaa ambayo sikuijua. Uani palijaa, barazani palijaa. Mabeseni ya unga yalihitaji paa, maana mvua haibishi hodi. Nililala katika chumba kidogo kando ya kinu. Kwanza likaingia beseni moja, chini ya dirisha. Kisha yakazunguka kitanda. Asubuhi nilishuka kwa vidole, kama mtu anayevuka kijito juu ya mawe.

Yaya aliniletea chai siku moja, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akasafisha koo.

"Petit. Basini zinakosa pa kulala."

Tulitazamana, na ni yeye aliyeanza kucheka, na nilipocheka nikajua kwamba nilikuwa nikiingoja sentensi ile. Rafiki wa zamani alikuwa amenialika Mwanza, kwenye mashine zake za barafu ya samaki. Miguu ilikuwa imeshaanza kuwasha. Kurudi kutembea ningerudi, lakini si kuishi tena: mtu anayeondoka akaacha kitanda kitupu anaweza kukirudia, mimi niliacha chumba chenye mihogo.

Niliondoka asubuhi, saa ambayo courant ina nguvu zote. Mwenye pikipiki alingoja nje. Nilisimama na sanduku mlangoni mwa kinu. Yaya alikuwa ameegemeza beseni kwenye mdomo wa mashini, kope zimejaa unga, na hangeweza kuliachia bila kumwaga mahindi ya mtu. Aliinua kidevu. Nami niliinua changu.

"Ukifika, utapiga simu?" alipaza sauti.

"Nitapiga!"

"Piga mangaribi! Asubuhi siko nasikia kitu!"

Nilipita kando ya mabeseni, kutoka la kwanza hadi la mwisho. Mstari ulikuwa umevuka barabara.